Ngozi za Rangi

Jumatatu, 4 Machi
Ngozi ya bluu imebanduka nzima! Nilimwaga rangi juu ya kioo Ijumaa, nikaiacha ikauke yenyewe. Leo nimevuta kona — ikaja yote, laini, inanyumbuka. Ule upande uliolala kiooni ndio uso. Miaka yote nimechora vibao vya maduka; hizi ngozi ndizo kazi yangu mwenyewe. Wifi kapiga makofi, ati nina mikono ya ajabu. Mwenye ukumbi wa maonyesho anakuja Alhamisi kuchagua. Hatimaye!

Jumatano, 6 Machi
Sanduku nililozihifadhia halipo. Ngozi zote! Nimetafuta hadi uvunguni. Mume wangu anasema labda nimelihamisha mwenyewe nikasahau. Hakunitazama aliposema.

Alhamisi, 7 Machi
Mwenye ukumbi hakutokea. Nikampigia. Akashangaa — wifi yangu si ameshamwonyesha picha za kazi kwenye simu? Maonyesho ni Jumamosi, jina la wifi liko kwenye bango. Mbinu mpya kabisa, anasema, wifi kaivumbua mwenyewe jikoni kwake. Jikoni kwake! Hata kumwaga rangi nilimshika mkono.

Nimembana mume. Ndiyo, ufunguo wa chumba changu cha kazi katoa yeye. Ati dada yake kahangaika sana, mimi nitatengeneza nyingine. “Si rangi tu, mke wangu?”

Rangi tu. Nimelia mpaka kichwa kinauma. Kikulacho ki nguoni mwako — mimi wamo wawili.

Ijumaa, 8 Machi
Wifi kapiga simu, analia. Ngozi zimegandana. Kazihamishia begini, karatasi za nta nilizozitenganishia kazitupa, ati zinajaza begi bure. Kazirundika uso kwa uso, begi likashinda ndani ya gari, juani. Sasa ni bonge moja. Kavuta ya bluu, ikachanika pembeni.

Nilicheka! Mungu anisamehe, nilicheka sana. Kaniona nikipanga karatasi zile kila siku, hakuuliza hata mara moja ni za nini. Rangi ya akriliki ni kavu kwa macho tu. Ipate joto, inamng'ang'ania mwenzake.

Halafu kicheko kikakatika. Ile nyekundu niliimwaga wiki tuliyomzika mama. Imo humo humo.

Dawa naijua. Friza mpaka zikakamae, kisu butu, subira, kisha poda ya mtoto zisishikane tena. Nisiposema, zinakufa. Nikisema, kesho zinaning'inia kwa jina lake.

Amefika. Nimejifungia jikoni. Namsikia koridoni na begi lake — “Wifi, nakuomba, nisaidie hii mara moja tu.” Mume anasema nifungue, tusiaibishane. Tusiaibishane! Leo ndiyo ameijua aibu.

Mlango bado sijafungua. Ila friza nimeshaipangua, vitu vyote viko sakafuni, vinaanza kutoa maji. Poda iko hapa mezani. Wifi anagonga tena, taratibu, kama mgeni.