Mgongo Wako Pale Wavuni

Mwenzangu Mwanahawa,

Najua utauliza leo nimekumbuka nini. Nyumba imenyamaza mno, basi. Hapa Handeni nicheze tenisi na nani? Kila alasiri napiga mpira ukutani, unarudi, naupiga tena, mpaka majirani wamenizoea. Nimechoka na ukuta, hauna hata ubishi.

Tulianzia Mnyuzi, kwenye uwanja wa saruji wa kambi ya mkonge, nyufa tele, baba zetu wakitoka shambani wanasimama kutucheka. Wakacheka hadi tukafika Nairobi, Kampala, Lusaka, tunaishi kwa raketi. Wewe mbele wavuni, mimi nyuma naanzisha mpira. Mkono wako wa kushoto ulinipa ishara mgongoni: kidole kimoja unabaki ulipo, viwili unavuka. Tukikosa tuligombana kwa Kizigua, na wapinzani wakadhani tunapanga mbinu!

Halafu ile fainali ya Lusaka. Tulishinda, na bega lako la kulia likaishia pale pale. Daktari aliposema hutacheza tena, mimi ndiye niliyelia. Wewe mgonjwa ukanifuta machozi, ukasema, "Usijilaumu. Ulikuwa nyuma, ungejuaje?"

Nikayapokea maneno yako. Nikacheza miaka mingine mitatu na mtu mwingine, nikastaafu kwa makofi, kila mtu ananipa pole ya kukupoteza wewe uwanjani. Tangu nirudi, Magoma kwako sijakanyaga. Ukipiga simu nasema nina shughuli. Shughuli gani, na sina hata wa kunywa naye chai?

Mwanahawa, nilijua. Tangu seti ya pili, mkono wako wa kushoto ulikuwa unalishika kwanza bega kwa nyuma, ndipo unashuka mgongoni kunipa ishara. Wapinzani hawakuweza kuona, mwamuzi hakuona. Mimi niliona kila mara. Ningesema neno moja tungesimama. Lakini tulikuwa tunaongoza, nami niliutaka ule ushindi kuliko nilivyokuonea huruma.

Nimeiandika barua hii iwe ya wazi, yeyote aisome, kwa sababu pole za watu nilizipokea hadharani. Jumamosi napanda basi hadi Korogwe, nitaunganisha gari la Magoma. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, nitaondoka bila neno. Kunilaumu una haki. Ila nakuomba, hata ukinionea huruma, usiniambie tena kwamba sikujua.

Ni mimi, mwenzako wa nyuma,
Zaina