Kiunzi cha Kukisia Kinywani mwa Baba

Bitonto, Puglia
9 Aprili

Mpendwa binamu Rosalba,

Natumai u mzima huko Melbourne, wewe na shemeji. Goti lako je, limetulia? Sisi tunapumua, ila mimi nina hasira.

Unajua Baba, mjomba wako Ottavio, mfupa wa taya umekwisha. Meno yake ya bandia yanacheza, na tarumbeta haipulizwi hivyo. Kliniki moja ikaahidi kupiga picha za kompyuta, kisha mashine ichape kiunzi cha madini ya titani chenye umbo la mfupa wake mwenyewe, kikae chini ya ufizi na kubeba meno mapya. Angepiga tarumbeta na bendi yake kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu.

Siku ya picha, binti wa mashine akamwambia avue meno, maana yana vikulabu vya chuma. Baba avue meno mbele ya msichana? Thubutu! Binti naye, kwa malezi yetu haya haya, akaona aibu kumshinikiza. Chuma kikaharibu picha. Hilo naweza kulimeza. Lakini waliuona ukungu kwenye picha, na badala ya kumwita tena wakajaza pasipoonekana kwa kukisia! Mfupa wa mtu, Rosalba!

Wakampasua ufizi, kiunzi kikayumba, wakakitoa na kumshona. Uvimbe uliposhuka tulirudi, mimi, Baba na Mama. Daktari akaniambia mapokezi, mbele za watu, "Signora, mashine haikosei. Baba yako ana maringo."

Nikamjibu, "Mashine haikukosea, wewe ndiye uliyekisia! Hata fundi viatu humwita mteja ampime upya!"

Baba akainuka. Akatoa meno, akayaweka juu ya meza ya mapokezi, mbele ya wasichana na Mama, ambaye hakuwa amewahi kumwona bila meno.

"Haya, tazameni," akasema kwa shida. "Mkishashiba, nipigeni picha nyingine."

Hakuna aliyecheka. Mama akamshika mkono.

Picha mpya imetoka safi. Lakini kiunzi kipya hakitawahi sikukuu. Bendi itapita chini ya dirisha letu, na Baba atakuwa amekaa ndani, akisikiliza mtu mwingine akipiga sehemu yake. Hilo siwasamehe.

Msalimie shangazi Filomena na wanao. Bikira Maria awafunike.

Akupendaye kwa moyo wote,
Immacolata