Nimechujwa, Baba

Dodoma, 3 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama mpe shikamoo yake. Masikio yako yanaendeleaje? Mimi mzima, ila sikai nikatulia! Redio moja hapa mjini inatafuta mtangazaji. Tulijitokeza zaidi ya mia mbili, tumebaki kumi. Ijumaa ni mchujo wa mwisho. Niombeeni!

Mwanao,
Penina

Kibakwe, 5 Juni 2024

Mwanangu Penina,

Mbukwa! Huku wazima, ila masikio yangu yamestaafu kabisa, hata jogoo simsikii. Ndiyo maana simu sina kazi nayo, nakuandikia. Mchujo naujua. Jana tu nimechuja asali ndoo mbili: nta na nyuki waliokufa vimebaki kitambaani, asali imeshuka safi, inang'aa. Nenda ukachujwe, mwanangu!

Baba yako

Dodoma, 7 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Niwie radhi kwa ufupi wa barua, sijisikii kuandika. Nimechujwa. Msalimie Mama.

Mwanao,
Penina

Kibakwe, 10 Juni 2024

Penina wangu!

Hujambo? Sisi ni furaha tupu! Barua imefika juzi na basi la jioni. Nilipiga kelele hadi mama yako akasahau ugali jikoni, ukaungua. Jana kanisani nikasimama mwenyewe, nikatangaza: "Penina amechujwa!" Watu walitulia kwanza, kisha mjomba wako Meshack akaja kunikumbatia, na kina mama wakafungua vinywa kwa vigelegele. Nimechinja mbuzi. Watu walisema mengi, sikusikia, ila walinishika mkono sana.

Baba yako

Dodoma, 17 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nimecheka hadi nimelia. Baba, ile kazi sikuipata. Huku mjini aliyechujwa ni aliyeondolewa. Nisamehe kwa aibu ya kanisani.

Lakini sikiliza! Nilikwenda redioni kuchukua vyeti vyangu, barua yako ikiwa mkononi. Bi Miriam, mkuu wa vipindi, akaniuliza, "Unalia nini?" Nikamsomea. Akacheka. "Hivi," akasema, "mzee si ndiye aliyesema sawa?"

Nikamwambia kuchuja ni kazi ya mizinga na ya jikoni. Asali huchujwa, chai huchujwa, na kilichochujwa ndicho tunachokunywa. Neno lilitoka huko likaja kwenye mitihani na uchaguzi, na lilipofika kwa watu likageuka: anayeachwa kitambaani ndiye tunayesema amechujwa!

"Kayaseme hayo hewani Jumamosi," akasema.

Nimeyasema, Baba! Mpaka watu wa Buigiri wamepiga simu, wakabishana nusu saa nzima. Aliyeshinda atasoma habari. Mimi nimepewa kipindi cha maneno, kila Jumamosi saa nne asubuhi! Kazi, Baba! Nimepata kazi!

Mwanao,
Penina

Kibakwe, 23 Juni 2024

Binti yangu,

Mbukwa. Sote wazima. Kumbe watu walikula mbuzi wangu huku wanajua! Nimembana mjomba wako Meshack, nikampa kalamu ajieleze. Ameandika: "Shemeji, ulikuwa na furaha mno. Nani angekuambia?"

Jana saa nne mama yako aliitoa redio nje, ikawekwa juu ya kinu. Walikuja watu kama thelathini. Mimi sikusikia hata neno moja, mwanangu, kwa hiyo nilitazama nyuso. Walianza kwa kukunja vipaji vya uso. Kidogo mama yako akajifuta macho kwa khanga. Halafu ukasema jambo, sijui ni lipi, wote wakaangua kicheko kwa pamoja, wengine wakajipiga mapajani, na mimi nikacheka nao.

Nikasogea, nikaweka kiganja juu ya redio. Ilikuwa inatetemeka. Sikukiondoa mpaka ulipomaliza.

Baba yako