Swichi ya kaka na povu la mama mkwe

Shoga, acha unachofanya usome!

Kaka yangu kabadilisha mwenyewe swichi ya sebuleni na ya bafuni. Eti fundi wa nini? Tena kamwahidi mama mkwe wake kumfungia umeme nyumba mpya yote!

Mama mkwe kakuta bafuni taa inawaka, akaingia kuoga. Kaka akabonyeza swichi ya sebuleni atuonyeshe kazi. Taa ya sebuleni wala haikuwaka. Bafuni: "Nani kazima taa?"

Akabonyeza tena, na tena. "Nyie! Nani anachezea taa?"

Mara tano, shoga. Mara tano! Mimi nilishajua kapishanisha nyaya, ila nikauma kanga nisicheke.

Mama mkwe akatoka na povu usoni, akamtazama kaka: "Mwanangu, kule kwangu nitawasha mishumaa tu."