Pafyumu ya maua ya mchungwa

Tumpe, acha unachofanya usome hii. Nimejifungia bafuni kwa kina Sixtus huku Liuli.

Ile pafyumu ya maua ya mchungwa aliyonipa, uliyosema inanukia kama shamba la kahawa likichanua. Ndiyo nimejipulizia leo kuja kutambulishwa kwao.

Nimepiga goti, shikamoo mama. Akanivuta akaninusa shingoni. Ameninusa, Tumpe. Halafu akasema taratibu, "Hii ndiyo tuliyompulizia Emiliana kwenye jeneza."

Emiliana, marehemu mke wa Sixtus.

Nikasema hapana mama, hii ni mpya, kaninunulia Mbinga mjini. Shangazi mtu akadakia, "Marashi ya marehemu yakibaki, anazikwa nayo. Hayarudi nyumbani."

Mama akamgeukia mwanawe. "Sixtus, ile chupa nilikupa uiweke kaburini. Uliiweka?"

Sixtus akainuka, akatoka nje.

Nami ndipo nikakumbuka. Siku ananipa, chupa ilikuwa imepungua. Nilimuuliza. Akasema aliijaribu dukani.

Nimejisugua shingo na sabuni ya kufulia mpaka inawaka. Bado nanukia, Tumpe. Na bado inanukia vizuri.