Mkate wa Nyanya kwa Mkwe

Jumamosi, 5 Julai 2025

Baridi ya Tunduma leo haina adabu. Nimekula kwa Ferista tena, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tangu kiharusi kininyang'anye mkono wa kushoto mwezi Machi, sufuria zangu zimekuwa mapambo. Mungu ambariki huyu binti. Alipika miaka mingi kwenye hoteli ya Wahispania kule Zanzibar, akarudi kwao na vijisahani vyake: viazi vya pilipili, dagaa wa kitunguu saumu, mayai ya viazi. Mwanzoni watu walimcheka — hii si chipsi mayai tu? Wakaonja. Wakaagiza tena. Na ule mtungi wake wa sangria, divai nyekundu yenye machungwa na mdalasini! Glasi moja tu, daktari asisikie.

Jumapili, 6 Julai

Mwanangu Erica kaja na tumbo lake la miezi saba. Mumewe, Dennis, kabaki nje kwenye gari kama kawaida. Si kiburi. Kwao, Wabemba wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, mkwe hali ukweni mpaka aonyeshwe moto: upande wa mke umpikie vyakula vya kila aina, umfunulie kimoja kimoja. Hapo ndipo anakuwa mtoto wa nyumba. Nilipanga nifanye Pasaka. Ugonjwa ukanitangulia.

Sasa kijana wa watu anaondoka kwangu na njaa kila Jumapili. Mjukuu atazaliwa, amkute baba yake hali kwa bibi? Inaniuma. Na mimi nikisikia gari lake naingia chumbani. Sitaki auone mkono huu unavyoning'inia.

Jumanne, 8 Julai

Nimemwambia Ferista. Hakusita. Akasema, mama, vyakula vya kila aina kwenye sahani ndogo ndogo si ndiyo kazi yangu? Njoo tufanyie hapa. Nikalia mbele ya wateja wake.

Jioni nikampigia wifi yangu Restuta, yuko Msangano. Yeye ndiye wa kufunua, dada wa marehemu mume wangu. Akasema sawa, ila sahani moja iwe ya mkono wa mama mkwe. Chakula cha kununua hakimwonyeshi mtu moto. Nikamuuliza, mkono gani, wifi? Akasema, huo uliobaki.

Mkali huyu mwanamke. Ila kasema kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeshindwa. Mayai ya viazi, ndiyo sahani niliyochagua, yanageuzwa kwa mikono miwili. Leo yameishia sakafuni, na kikaango chake. Nikataka kuahirisha yote.

Ferista kafuta sakafu. Kisha kachukua ubao wake, kapigilia misumari miwili midogo, kachoma kipande cha mkate kwenye mkaa, kakichomeka hapo kisiteleze. Sugua, mama. Kitunguu saumu kwanza. Halafu nusu ya nyanya, mafuta, chumvi. Mkono mmoja unatosha! Nikamwambia, nimpe mkwe mkate na nyanya? Watasema nimefilisika. Akasema huko Hispania wanaula hata matajiri.

Nimekula vipande vinne. Yule binti sijui nimlipe nini.

Jumamosi, 26 Julai

Naandika jikoni kwa Ferista, nyuma ya pazia. Bora nishike kalamu kuliko kukaa bure.

Wamefika. Dennis na rafiki zake wawili. Wifi anafunua na kueleza kama yuko madhabahuni. Mtungi wa divai uko mezani, na wa juisi ya rozela kwa wasiokunywa. Wifi, Mmoraviani wa kuzaliwa, kajimiminia, kasema Paulo alimruhusu Timotheo divai kidogo kwa ajili ya tumbo, na tumbo lake linamsumbua tangu Msangano. Ferista kacheka mpaka kashika ukuta.

Dagaa wamesifiwa. Viazi vimesifiwa. Sasa mkate wangu.

Rafiki mmoja kacheka chini chini — mkate? Wifi kasema, huu ni mkono wa mama. Mungu ampe miaka.

Halafu mtu anatafuna. Mkate wa kuchoma unasikika hata nyuma ya pazia.

Erica kaingia, macho yamelowa. Mumewe kamaliza sahani nzima, wenzake hakuwagawia. Anaomba nyingine. Na anaomba mama ailete mwenyewe, kwa mkono huo huo.

Kumbe anajua najificha. Labda aliniona dirishani siku zote zile nikikimbilia chumbani, akanyamaza kwa heshima.

Nimesugua vipande vitatu. Khanga niliyofunikia bega la kushoto nimeivua, nimempa Erica. Sahani iko tayari. Ferista kashika pazia, ananiambia, mama, weka kalamu, mkate unapoa