Pikipiki ya Mzee Josip Iliyogoma Kuwaka

Lidcombe, Sydney

Dada Vene, shikamoo sana.

Kabla hujauliza: mimi mzima, Joselina mzima, watoto wazima ila wanakula kama wanalipwa mshahara kwa kula. Wewe je, mgongo umekuachia? Na duka la spea linaenda, au wale bodaboda bado wanashinda hapo kupiga soga bila kununua hata nati? Corona huko mnaisikia redioni tu au imeshafika? Huku ukikohoa dukani watu wanakupisha njia kama bwana harusi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu "pikipiki", unanikatiza, "Umeangalia plagi?" Leo utasoma kimya mpaka mwisho.

Ni hivi. Tuko kwenye lokdauni, hakuna kutoka bila sababu. Ghala langu kule bandarini Port Botany limepunguza watu, na mimi nikapungua. Joselina bado anaenda kutunza wazee, anarudi na alama za barakoa usoni, ananikuta nimefagia nyumba mpaka zulia linaniogopa. Kazi iliyobaki ni kupeleka chakula majumbani. Nikajaribu kwa baiskeli. Dada, huu mji una vilima ambavyo huvioni mpaka uwe na pizza mgongoni. Nilikuwa nafika pizza imepoa, mimi nimeiva.

Sasa nyumba ya pili kutoka kwetu kuna mzee wa Kikroeshia, anaitwa Josip. Alifika nchi hii akiwa kijana, wakamweka kwenye mabweni ya wahamiaji hapo Villawood, kwa hiyo tulipohamia, aliposikia nasi tumepitia kambi ya wakimbizi, alinipokea kama mtu wa kambi mwenzake. "Ninyi kambini mlikula nini?" "Maharage, kila siku." "Sisi kondoo wa kuchemsha, kila siku." Basi, urafiki ukaanza hapo. Siku hizi kumbukumbu zinamtoroka. Binti yake, Ana, alikuwa anamhamishia kwenye nyumba ya wazee, akawa anasafisha gereji ili lori la vyuma chakavu lije kubeba. Mimi na macho yangu nikachungulia. Nyuma ya magodoro nikaona usukani wa pikipiki.

Nikavuta magodoro pembeni. Ya Kijapani, injini ya sisi mia mbili hamsini, tangi jekundu. Imekaa humo tangu Ana yuko shule, na sasa Ana ana mvi.

"Ina ugonjwa gani?" nikamuuliza.

"Sijui. Siku moja aliiingiza, hakuitoa tena. Ukiiwasha kabla lori halijaja Jumamosi, chukua, yako. Isipowaka inaenda na vyuma vingine."

Mzee alikuwa kwenye kiti mlangoni, barakoa iko kidevuni. Akasema, "Hiyo haiwaki bila mimi."

Ana akaninong'oneza, "Anasema hivyo kila siku. Wewe muitikie tu."

Nikamwitikia. Lakini nilikuwa nataka sana kujua. Pikipiki nzima, haina hata mkwaruzo wa kuanguka, mtu anaiachaje?

Nikaanza kama ulivyonifundisha, kwanza nione kama pistoni imeganda. Nikatoa plagi, nikamimina oili kwenye tundu, nikaiacha ilale nayo. Kesho yake nikaminya kiki kwa mkono, taratibu, ikashuka. Nilipiga kigelegele, mbwa wa jirani akaitikia. Petroli kwenye tangi imekuwa nyeusi, inanuka kama rangi ya mlango. Kabureta tope tupu, jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, imeziba, nikaizibua kwa uzi mmoja wa waya. Kwenye kichujio cha hewa panya amejenga, na katandika risiti na nywele za mtu. Nywele za nani? Mzee ana kipara! Nililiwaza hilo siku nzima.

Joselina akaja kuniangalia. "Umeoa mke wa pili?"

"Wa chuma. Huyu halalamiki."

"Ndiyo maana hawaki."

Plagi mpya, betri, petroli safi. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga mpaka goti likaomba msamaha. Huko nyumbani ningepiga mluzi tu, kijiwe kizima kingekuja kusukuma. Hapa kukusanyika marufuku. Nikaisukuma peke yangu barabarani, gia ya pili, narukia, naachia klachi. Inatikisika tu, inasimama. Gari la polisi nalo likasimama.

"Uko nje kwa sababu gani?"

Mazoezi yanaruhusiwa, dada. "Nafanya mazoezi, bosi."

Akaiangalia pikipiki, akaniangalia navyotiririka jasho. "Na hiyo?"

"Ndiyo uzito wenyewe."

Mwenzake akageukia dirishani kucheka. Yule wa kwanza akasema, "Malizia mazoezi yako ukielekea nyumbani."

Hapo ndipo nikaangalia cheche. Najua, najua, ungeanza na hilo. Nikaigusisha plagi kwenye injini, nikapiga kiki, giza. Hakuna moto. Nikafuata nyaya, nikapima koili, sioni kosa. Na hiyo ilikuwa Ijumaa alasiri, lori linakuja asubuhi.

Nikakaa chini sakafuni, nikakukumbuka. Mteja akikuletea pikipiki isiyowaka, wewe huigusi. Unamwambia, "Panda, washa kama unavyowashaga," halafu unaangalia mikono yake. Maana kila bodaboda ana swichi yake ya siri ya kuwakomoa wezi, na wengine wameizoea mpaka hawajui kama wanaigusa. Na huyu mzee si kila siku anasema haiwaki bila yeye? Sisi tunamwitikia tu!

Nikamwendea Ana. "Tumpandishe Mzee."

"Ataanguka."

"Iko kwenye stendi kubwa, na mimi nitamshika."

"Na corona?"

"Barakoa mbilimbili."

Tukampandisha. Dada, mtu ambaye asubuhi aliniita kwa jina la kaka yake, alipokaa pale mgongo ulinyooka. Nikamwambia, "Mzee, tunachelewa kazini. Washa." Akafungua petroli, akavuta choki, akageuza ufunguo, halafu mkono wa kushoto ukapita mahali, mahali ambapo mimi nimepafuta vumbi wiki nzima. Nikasikia ka! kadogo. Mimi nikapiga kiki kwa pembeni, ikakohoa. Nikapiga tena.

Ikawaka!

Moshi gereji nzima! Ana kaziba mdomo juu ya barakoa, machozi yanamtoka, sijui ya moshi. Nikamuuliza Mzee kwa kelele, "Kwa nini uliiacha?"

Akapandisha mabega. "Ilinigomea mbele ya stesheni, watu wananiangalia. Nikaisukuma mpaka nyumbani. Nikaiambia, basi, hatuongei."

Hivyo tu! Mimi nilikuwa nimeshamtungia ajali na mwanamke. Halafu nawaza mpaka leo: hivi siku ile pale stesheni, si alisahau tu kubonyeza swichi yake mwenyewe? Sikumuuliza. Kuna maswali ya kumeza.

Ana akataka kujua swichi iko wapi. Mzee akanivuta sikio: "Usimwambie. Ataiuza." Basi sijamwambia, na wewe sikuandikii.

Lori lilibeba vyuma vingine. Pikipiki imepita ukaguzi, namba imefungwa, leseni ya kujifunza ninayo, na pizza zinafika zinaunguza vidole. Mzee ameshahamia kwa wazee wenzake na kutembelewa hakuruhusiwi, ila wamempa simu. Ananipigia jioni. Hasemi hujambo. Anasema, "Iwashe." Natoka nje, naiwasha, naweka simu karibu na bomba. Anasikiliza weee, halafu anakata.

Nisalimie shemeji Ladislausi, mwambie mvuvi gani huyo hata picha ya mgebuka hanitumii. Mama mkubwa Skola anayetuombea, mwambie asipunguze dozi. Binamu Eliasi wa bodaboda avae helmeti, kichwa hakina spea, hata kwako. Wewe nakukumbatia, na mikono nimenawa.

Ni mimi kitindamimba wako, Zabroni, na naishia hapa maana simu inaita na najua ni nani.